Mwanamke anayesafiri peke yake anahitaji pa kutokea, si pa kujificha

Huduma za "wanawake tu" zimeingia kwenye usafiri kwa kasi ambayo wengi hawakuitarajia. Mwaka 2023 kampuni ya teksi za mtandaoni ya Lyft ya Marekani ilianza kuwapa abiria na madereva wanawake nafasi ya kuomba wapangiwe wanawake wenzao. Mwaka uliofuata shirika la ndege la IndiGo la India likawawezesha wanawake wanaochagua viti mtandaoni kuona ni viti gani vimekwishachukuliwa na wanawake. Mwaka 2025 Uber nayo ikatangaza kuijaribu katika baadhi ya miji ya Marekani huduma iliyokuwa imeianzisha Saudi Arabia tangu 2019. Kila tangazo la aina hii linapotoka, mjadala hugawanyika papo hapo. Wapo wanaosema huu ni ushahidi kwamba dunia imeharibika na mwanamke mwenye akili timamu atulie nyumbani. Wapo wanaoshangilia kwamba hatimaye tatizo limepatiwa ufumbuzi. Na wapo, hasa wanaume, wanaonung'unika kwamba wametiwa kapu moja na wahalifu.

Kambi zote tatu, nionavyo, zimeisoma habari hii visivyo, kwa sababu zote zinaamini kwamba kinachouzwa hapa ni utengano. Thamani ya huduma hizi iko kwingine: abiria anapata taarifa mapema, na anapata nafasi ya kukataa kabla mlango haujafungwa. Usalama wa mwanamke anayesafiri peke yake hujengwa na jambo moja kuliko mengine yote, nalo ni kuwa na pa kutokea. Aweze kubadili uamuzi wakati wowote, ashuke, ahame, arudi, aseme hapana, bila kulipia mabadiliko hayo kwa fedha asizonazo, kwa aibu asiyoistahili au kwa kesi mahakamani. Hata ujuzi wa utamaduni wa wenyeji, ambao siku zote tunahubiriwa kana kwamba ni somo la mavazi, unamlinda msafiri pale tu unapomwongezea njia hizo.

Wazo la kuwatenga wanawake safarini si geni. Tokyo ilikuwa na treni za wanafunzi wa kike mwaka 1912, na mwishoni mwa 2000 kampuni ya reli ya Keio ikayarudisha mabehewa ya wanawake kwenye treni zake za usiku baada ya malalamiko mengi kuhusu wanaume wanaowapapasa abiria kwenye msongamano. Mumbai imekuwa na treni nzima ya wanawake tangu 1992. Jimbo la Rio de Janeiro lilipitisha sheria ya mabehewa yao mwaka 2006, na Mexico City na Cairo nazo zina ya kwao. Mwanasiasa wa Uingereza Jeremy Corbyn alipotaja wazo hilo London mwaka 2015, alikosolewa vikali, tena na wanawake waliokuwa wakigombea naye uongozi wa chama cha Labour, waliosema kuwatenga wanawake ni kukubali kushindwa. Watafiti walioyachunguza mabehewa ya Mexico City waliona unyanyasaji wa kijinsia ukipungua ndani yake, ingawa ugomvi wa kawaida baina ya abiria uliongezeka. Rio nako kulikuwa na jambo la kufikirisha zaidi: behewa la wanawake likishakuwepo, mwanamke anayepanda la mchanganyiko huanza kutazamwa kama aliyejitakia. Kwa hiyo faida ipo, ni ya kweli, na inakuja na deni. Chumba cha kujihifadhi kikigeuka kuwa mahali pekee ambapo mwanamke anahesabiwa ana haki ya kutoguswa, basi kimempunguzia nafasi kila mahali pengine.

Tofauti ya behewa na huduma za sasa ni ndogo kwa macho, lakini kwangu ndiyo kiini cha jambo. Behewa linampangia mwanamke pa kukaa. Ramani ya viti ya IndiGo inampa taarifa, kisha inamwachia achague. Akitaka kukaa karibu na mwanamke mwenzake, sawa. Akitaka dirisha na hajali jirani yake ni nani, sawa pia, na hakuna atakayemuuliza alikuwa anatafuta nini huko.

Historia ya wanawake wasafiri inasimulia jambo hilohilo. Jeanne Baret, Mfaransa anayetambuliwa kuwa mwanamke wa kwanza kuizunguka dunia, alipanda meli mwaka 1766 akiwa amevaa kama mwanamume, kwa sababu mwanamke hakuruhusiwa melini. Alexandra David-Néel aliingia Lhasa, mji wa Tibet uliokuwa umefungwa kwa wageni, mwaka 1924 akijifanya hujaji maskini. Hao walisafiri kwa kujificha, na siku ambayo wangegunduliwa hawangekuwa na pa kukimbilia. Nellie Bly alikuwa wa namna nyingine. Alipowaambia wakubwa wake wa gazeti mjini New York kwamba anataka kuizunguka dunia, alijibiwa kwamba mwanamke angehitaji msindikizaji na mizigo mingi. Aliondoka mwaka 1889 bila msindikizaji, akiwa na begi moja la mkononi, dhahabu ya Uingereza mfukoni na kifuko shingoni chenye noti za Uingereza, akarejea baada ya siku 72. Watu hupenda kusifu ujasiri wake. Mimi husimama kwenye kile kifuko. Mwanamke mwenye fedha inayokubalika kila bandari na mzigo anaoweza kuubeba mwenyewe hahitaji hisani ya mtu kuondoka mahali pasipomfaa.

Upande wa sheria, mabadiliko ya karibuni yamekuwa makubwa kuliko hata hayo ya teknolojia. Mwaka 2019 Saudi Arabia iliwaruhusu wanawake waliotimiza miaka 21 kupata pasipoti na kusafiri bila idhini ya mlezi wa kiume, na mwaka 2022 waziri wake wa Hija alisema mwanamke anayekwenda Hija au Umra halazimiki tena kuwa na maharimu. Wanazuoni wana mjadala wao juu ya hili na siuingilii. Ninachokiona ni kwamba dola yenyewe iliyokuwa ikidai msindikizaji imekiri kuwa safari ya mwanamke inaweza kulindwa na mpangilio mzima wa safari, kuanzia kundi analosafiri nalo hadi malazi na wahudumu, bila kumtegemea mtu mmoja aliye ubavuni mwake.

Msindikizaji huyo, kwa kweli, amepewa sifa kuliko anazostahili. Mwanzoni mwa 2016 wanawake wawili vijana kutoka Argentina waliuawa huko Montañita, Ecuador. Swali lililozagaa kwenye vyombo vya habari lilikuwa kwa nini walisafiri peke yao, ilhali walikuwa wawili. Wanawake wa Amerika ya Kusini walijibu mtandaoni kwa maelfu, kwa hasira, wakisimulia safari zao chini ya alama ya #viajosola. Machi 2024, katika wilaya ya Dumka, jimbo la Jharkhand nchini India, mtalii aliyekuwa akizunguka kwa pikipiki alibakwa na kundi la wanaume katika hema alimokuwa amelala na mume wake, naye mume akapigwa. Hao wawili kutoka Argentina walihukumiwa kwa kukosa mwanamume. Huyu wa Dumka alikuwa naye. Kuwepo kwa mwanamume kunapunguza usumbufu mwingi wa mitaani, hilo msafiri yeyote wa kike atakuambia, lakini kupunguza miluzi na kuzuia uhalifu ni mambo mawili.

Hapa ndipo wanaotetea safari za peke yao huleta takwimu wanayoipenda. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2023 wanawake na wasichana wapatao 85,000 waliuawa kwa makusudi duniani, na takriban 51,100 kati yao, yaani asilimia 60, waliuawa na wenzi wao au ndugu. Hitimisho lao ni kwamba nyumbani ni hatari kuliko barabarani. Nawaunga mkono katika mengi, lakini hesabu hii hawaifanyi vizuri. Mwanamke wa kawaida huishi na ndugu na mwenzi karibu siku zote za mwaka, safarini hukaa wiki chache, na wengi hawasafiri kabisa. Huwezi kulinganisha idadi hizo mbili ukasema umepima hatari ya saa moja hapa na saa moja pale. Takwimu hiyo inathibitisha jambo jingine lenye manufaa zaidi: anayemdhuru mwanamke kwa kawaida ni mtu aliyekwisha kumsogelea. Shirika la Afya Duniani nalo lilikadiria mwaka 2021 kwamba takriban mwanamke mmoja kati ya watatu amewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono maishani, mara nyingi na mwenzi wake, wakati waliosema wamefanyiwa ukatili wa kingono na mtu asiyekuwa mwenzi ni kama asilimia 6.

Ukiihamishia picha hiyo safarini, tahadhari inabadilika mahali. Tumefundishwa kumwogopa mtu wa kichochoroni, na kichochoro tunakikwepa vizuri. Tusiyefundishwa kumpima ni yule wa kujuana kwa siku moja: kiongozi wa watalii aliyekuwa mchangamfu tangu asubuhi, mwenyeji wa chumba cha kupanga, mgeni mwenzetu hotelini, mtu wa programu ya kutafuta wachumba ambaye picha zake zinaonyesha yuko na mbwa. Mwaka 2018 kijana wa kike kutoka Uingereza aliuawa Auckland na mwanamume aliyekutana naye kupitia programu ya namna hiyo, katika nchi ambayo huwekwa kwenye orodha za nchi salama kila mwaka. Waziri Mkuu wa New Zealand wakati huo, Jacinda Ardern, aliiomba radhi familia yake hadharani kwa niaba ya nchi, akisema binti yao alipaswa kuwa salama pale. Hakuuliza alivaa nini wala alikuwa na nani. Alizungumza kama mwenyeji aliyeshindwa wajibu wake, na sikumbuki viongozi wengi waliowahi kuzungumza hivyo.

Wengine huzungumza kama Mahesh Sharma, aliyekuwa waziri wa utalii wa India, ambaye mwaka 2016 aliwashauri watalii wa kike wasivae sketi fupi na wasitembee peke yao usiku kwa ajili ya usalama wao. Hoja ya mavazi ndiyo dhaifu kuliko zote, na inashangaza jinsi inavyodumu. Mwaka 2013 utafiti wa UN Women nchini Misri ulikuta zaidi ya asilimia 99 ya wanawake waliohojiwa wakisema wamewahi kubughudhiwa kingono kwa namna fulani. Kuna waliohoji jinsi utafiti ule ulivyofanywa, na wana haki. Lakini hata ukiukata kiwango hicho nusu, bado unazungumzia nchi ambayo wanawake wengi hufunika vichwa na kuvaa nguo ndefu. Kama kitambaa kingekuwa ngao, wao wangekuwa wa kwanza kunufaika. Ushauri wa mavazi unapotolewa kama kanuni ya usalama unafanya madhara mawili kwa pamoja: unamfanya aliyejisitiri ajione amekwisha jilinda, na unamwandalia hukumu aliyedhurika.

Sisemi msafiri avae apendavyo popote. Nasema tunachanganya mambo matatu ambayo kila moja linadai jibu lake. Iran inamtaka kisheria kila mwanamke, mgeni akiwemo, afunike nywele. Unaweza kuipinga sheria hiyo, lakini ukiwa uwanja wa ndege wa Tehran unashughulika na dola. Thailand, mwanamke hamgusi mtawa wa Kibuddha wala hampi kitu mkono kwa mkono, na kwenye vyombo vingi vya usafiri kuna viti vya watawa. Hiyo ni adabu, na anayeikosea kwa kutojua husahihishwa kwa tabasamu. Hatari ni kitu cha tatu kabisa. Hatari ni kushuka kituoni saa saba usiku bila mtandao, na mtu pekee anayejua njia ya kufika hotelini ni yule anayekung'ang'aniza uingie garini mwake. Miongozo mingi ya wasafiri huyamwaga yote haya kwenye aya moja, funika mabega, usionyeshe kidole, usitoke usiku, na msomaji hatofautishi kinachoweza kumpeleka jela, kinachoweza kumwaibisha na kinachoweza kumuua.

Adabu ina kazi yake katika usalama, ila inaifanya kwa mzunguko. Mwanamke aliyevaa kwa kufuata mazoea ya mahali, anayejua kusalimia wakubwa kwanza, anayeomba ruhusa kabla ya kupiga picha, hujipatia mashahidi. Mama mwenye kibanda cha magazeti atamkumbuka. Mzee wa kiti cha mbele kwenye basi atageuka akisikia sauti yake. Watu hao ni njia za kutokea zenye miguu, na hazinunuliwi kwa kadi ya benki. Huu ndio utamaduni ninaotamani ufundishwe: namna watu wa mahali fulani wanavyokataa, wanavyoomba msaada, na wanavyoamua kuingilia ugomvi wa wengine au kuuacha.

Chukua suala la kukataa. Wairani wana desturi iitwayo taarof, ambapo mtu hukaribisha kwa adabu na aliyekaribishwa hukataa kwa adabu, mara mbili tatu, kabla pande zote hazijajua nani anamaanisha nini. Mgeni anayesema "hapana, asante" kwa upole anaweza kudhani amefunga mlango, kumbe amefungua mazungumzo. Kwa Wasweden neno la kwanza ndilo jibu, na anayelirudia swali ndiye anayekosa adabu. Msafiri asiyeijua tofauti hii ana matatizo mawili. Anaweza kumwogopa mtu mwema anayemkaribisha kwa mara ya tatu kama alivyolelewa, na anaweza kumvumilia mtu mbaya anayejificha ndani ya ukarimu huohuo. Au chukua suala la mashahidi. Wakufunzi wa kujilinda hushauri kwamba ukisumbuliwa hadharani na mtu asiyekujua, kwa Kifaransa au Kijerumani umkemee kwa namna ya heshima, ile anayoambiwa mgeni, usitumie ile ya watu waliozoeana. Sababu ni ya kusikitisha na ya kweli: wapita njia wakidhani ni ugomvi wa mume na mke wataendelea na safari zao. Ukimkemea kama mgeni, kila mtu kituoni anaelewa kwamba huyu hana chochote cha kudai kwako. Dakika kumi za somo kama hilo ni bora kuliko orodha nzima ya nguo za kufungasha.

Njia nyingine za kutokea ziko mikononi mwa watu ambao msafiri hatawaona tena. Niliwahi kusimama kwenye foleni ya mapokezi ya hoteli, usiku, nyuma yangu wakiwa wanaume wanne, na kijana wa mapokezi akatangaza kwa sauti ya furaha jina langu, namba ya chumba na ghorofa. Nilimwomba anibadilishie chumba na aniandikie namba mpya kwenye karatasi. Alifanya hivyo bila kinyongo. Hakuwa ameambiwa na yeyote kwamba namba ya chumba si ya kutangazwa. Jambo hilo haligharimu hata senti moja, na kwa mwanamke anayelala peke yake lina uzito kuliko mashuka ya hariri. Ndivyo ilivyo kwa ratiba pia. Basi linalofika saa mbili asubuhi badala ya saa tisa usiku, treni ya mwisho inayosubiri ndege ya mwisho, taa kati ya kituo na barabara kuu. Kwa uzoefu wangu, wasiwasi hukaa mpakani: kati ya chombo na mlango, kati ya mlango na chumba. Dereva mwanamke anakuvusha sehemu moja ya mpaka huo, na ni sehemu muhimu, lakini hakuvushi yote.

Tukizungumza hivi tunamfikiria mtalii, mwenye begi la mgongoni na bima. Wanawake wengi wanaovuka mipaka peke yao hawaendi kupiga picha. Ni wafanyakazi wa majumbani, wauguzi, wafanyabiashara wadogo, wanafunzi. Kwao suala la pa kutokea ni la moja kwa moja hadi linatisha, kwa sababu mwajiri akiichukua pasipoti hakuna tena mlango. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, unasema wazi kwamba mfanyakazi wa nyumbani ana haki ya kukaa na nyaraka zake za safari na utambulisho. Ule wa 190, wa mwaka 2019, unaingiza safari za kikazi ndani ya ulinzi dhidi ya ukatili na unyanyasaji kazini. Ni nadra kuona mikataba hii ikitajwa kwenye makala za "vidokezo vya usalama kwa wanawake wasafiri," na upungufu huo unasema mengi kuhusu ni mwanamke gani tunayemwita msafiri. Ushauri wa "usipuuze hisia zako, ondoka tu" una maana kwa aliye na nauli. Kwa asiye nayo, kilichobaki ni sheria na balozi.

Na sheria yenyewe inaweza kugeuka ukuta. Mwaka 2013 mwanamke kutoka Norway aliyeripoti kubakwa huko Dubai alihukumiwa kifungo cha miezi 16 kwa makosa yaliyojumuisha kufanya ngono nje ya ndoa, kabla ya kusamehewa. Falme za Kiarabu zimelegeza sheria hizo tangu wakati huo, lakini zipo nchi ambako hatari hiyo bado ni hai, na mwanamke hupaswa kuijua kabla ya safari, kwa sababu inaamua kama aanze na polisi, hospitali au ubalozi. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu mahusiano ya kikonseli, kifungu cha 36, unampa raia wa kigeni aliyekamatwa haki ya ubalozi wake kuarifiwa akiomba hivyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya tukio zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hufanya kazi ndani ya siku tano, na kadiri anavyochelewa nguvu yake hupungua. Taarifa hizi nne zinaingia kwenye nusu ukurasa. Nusu ukurasa huo ungekuwa na faida kuliko kurasa zote za orodha za "nchi salama zaidi," ambazo nyingi huchanganya takwimu zisizolinganishika. Sweden huonekana vibaya kwenye ulinganisho wa ubakaji kwa sababu, pamoja na mengine, polisi wake huhesabu kila tendo peke yake na sheria yake inatambua mengi kuwa ubakaji. Tangu Julai 2018 kukosekana kwa ridhaa kunatosha. Nchi ambako hakuna anayethubutu kuripoti itaonekana tulivu kwenye jedwali.

Kuna pingamizi moja dhidi ya hoja yangu ambalo nalichukulia kwa uzito: kwamba kumwambia mwanamke ahakikishe ana pa kutokea ni kumtwisha mzigo uleule kwa jina jipya. Lingekuwa kweli kama njia hizo angezijenga mwenyewe. Nyingi hazijengi yeye. Zinajengwa na anayepanga ratiba, anayefundisha wahudumu wa mapokezi, anayeandika sheria ya ushahidi na anayelipa dereva. Kazi ya msafiri ni kuziulizia, na kuulizia huko kunapaswa kupata jibu. Pingamizi la madereva wanaume kwamba wanapoteza abiria nalo si la kupuuzwa, ila linaonekana dogo ukiangalia hesabu: kwenye Uber nchini Marekani madereva wanawake ni kama mmoja kati ya watano. Kwa idadi hiyo, shida ya kweli ya huduma mpya inamhusu abiria zaidi ya dereva. Atabonyeza chaguo la dereva mwanamke, kisha atasimama kando ya barabara tupu akisubiri, simu ikiwa na chaji asilimia tisa, wakati gari la kwanza lingemfikia baada ya dakika nne.

Kampuni hizi zina takwimu za kila safari na zingeweza kutuonyesha kesho. Zichapishe, kwa kila mji, wastani wa muda ambao mwanamke aliyeomba dereva mwanamke husubiri baada ya saa nne usiku, ni maombi mangapi yaliishia kwa dereva mwanamume, na malalamiko yaliyopokelewa yalichukua siku ngapi kujibiwa. Wizara zinazotoa tahadhari za usafiri nazo zitenganishe kwenye kurasa zao kilicho sheria, kilicho adabu na kilicho hatari, na ziseme kwa kila nchi kama mwanamke anayeripoti ubakaji anaweza kushtakiwa yeye.